Sigara ya Usajili

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa, maana mimi ni raia mwema na raia mwema haogopi kitu. Ni kwamba kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa mpaka mtandao urudi. Itoshe kusema ni nchi nzuri yenye milima, mito na mifumo, na kwamba mifumo ndiyo mingi zaidi.

Mimi naitwa Mama Semeni. Mume wangu ni Mzee Mlekwa, fundi mwashi, ambaye nusu ya nyumba za mtaa huu alizijenga kwa mikono yake, sigara ikiwa mdomoni. Nazungumzia zamani, kwa sababu aliacha. Mjukuu wetu Tausi, mtoto wa Semeni, ana pumu. Mwaka jana wakati wa masika kifua kilimbana akiwa amepakatwa na babu yake, tukamkimbiza hospitali. Daktari alipomaliza kumhudumia alimgeukia Mlekwa, akatazama mfuko wa shati ambako pakiti ilikuwa imechomoza, akasema, "Mzee." Mlekwa alirudi nyumbani, akaimwaga pakiti chooni, na tangu siku hiyo hakuvuta tena.

Haikuwa rahisi kama nilivyoiandika. Alitafuna mihogo mibichi, akatafuna karafuu, akatafuna njiti za kiberiti mpaka nikaanza kukificha kiberiti chenyewe. Alinigombeza kwa sababu ya chumvi, akamgombeza jogoo kwa sababu ya kuwika, halafu alikuja kuomba radhi, kwangu mimi, si kwa jogoo. Akajikaza kisabuni, miezi ikapita. Kikohozi kikapungua. Tausi akija kututembelea alikuwa anamlalia babu yake kifuani mpaka usingizi unampitia, na pumzi yake inatoka vizuri. Aliacha peke yake, bila semina, bila kamati, bila kumwarifu mtu yeyote wa Serikali, na hapo ndipo alipokosea.

Alikosea kwa sababu baadaye Serikali yetu sikivu ilizindua Mfumo wa Taifa wa Hewa Safi. Waziri wa Hewa, Mheshimiwa Balozi Daktari Injinia Tindwa Makorongo, alisimama uwanjani chini ya turubai lililoandikwa jina lake mara nyingi kuliko jina la mfumo, akatuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mtu alikuwa anaacha sigara kiholela. Analala mvutaji, anaamka si mvutaji, na Serikali haina habari. Hiyo ni nchi, au ni mnada wa mbuzi? Kuanzia leo hakuna mwananchi atakayeacha sigara nje ya mfumo. Tutaacha kwa pamoja, tutaacha kwa takwimu, na tutaacha kwa kuzingatia miongozo."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha, kwa sababu nilidhani anazungumzia watu wengine.

Sheria yenyewe ilikuwa ya huruma tupu. Ilisema kila nyumba anamolala mtoto mwenye ugonjwa wa kifua, watu wazima wote wa nyumba hiyo wawe na Cheti cha Raia Bila Moshi, ambacho hukaa ndani ya simu. Mtoto ambaye watu wake hawana cheti atachukuliwa na gari la Serikali na kupelekwa kwenye Kituo cha Taifa cha Hewa Safi, alelewe huko. Kituo hicho nakijua. Kimejengwa nyuma ya majenereta yanayoendesha mitambo ya mfumo, na majenereta hayo yanakunywa dizeli kutwa kucha. Kuta zake zilikuwa nyeupe siku ya uzinduzi.

Mimi cheti changu kilikuja chenyewe. Mfumo wa hospitali ulisema sijawahi kuvuta, nikapewa. Mlekwa hakupewa, kwa kuwa siku ile Tausi alipolazwa daktari aliandika kwamba babu wa mtoto anavuta. Kwa hiyo mfumo wa hospitali ulijua kwamba Mlekwa anavuta, na mfumo wa hewa, unaowahusu walioacha, haukujua kwamba Mlekwa yupo duniani. Mifumo hiyo miwili haisomani. Waziri ameahidi kwamba itasomana, na kamati ya kusomana imekwisha kukutana hotelini.

Tungeweza kulichukulia jambo hili kwa utani kama yanavyochukuliwa mengine. Lakini Semeni, ambaye ni muuguzi na analea mtoto peke yake, alipata kazi nchi za nje, kazi aliyoiomba miaka, ambayo ingemwezesha kumnunulia Tausi dawa ya kuvuta bila kukopa kwa majirani. Mkataba haukuruhusu kwenda na mtoto. Alikuja nyumbani akakaa kwenye mkeka, akatutazama.

"Mama, sina mtu mwingine," alisema. "Nikiondoka Tausi atalala hapa, na Baba hana cheti, wanamchukua. Na nikimuacha pale Kituoni sitamkuta mzima, mimi kazi yangu ni vifua, nakijua kile kituo. Baba, hilo la cheti utaliweza?"

"Mwanangu, mimi sivuti," Mlekwa akamjibu. "Kuna ugumu gani kuonyesha kitu ambacho hakipo?"

Semeni akacheka kidogo, akaenda kukata tiketi.

*

Tulianza na simu. Mwananchi anatakiwa kupakua programu iitwayo Pumzi Yangu, na baada ya bando letu kuliwa lote tuliipakua. Programu ikataka nywila. Nywila iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, na isifanane na jina la mtu, mnyama wala kiongozi. Mlekwa aliandika, ikasema ni dhaifu. Akaandika ndefu zaidi, ikasema ni dhaifu bado. Akaandika tusi moja la vibarua wa zege, refu na la kutisha, ikakubali papo hapo na kusema nywila imara. Tangu hapo kila mara alipotaka kuingia kwenye mfumo ilimbidi atukane mbele yangu, mimi mke wake wa ndoa, herufi moja moja.

Kisha zikaja tarakimu za uhakiki. Zinatumwa kwenye simu na muda wake ni dakika moja. Zetu zilikuwa zinafika kesho yake tukiwa tunakunywa chai. Mlekwa alijaribu kuziomba leo ili azitumie kesho, mfumo ukamwambia anafanya udanganyifu na ukamfungia.

Alipofunguliwa akatakiwa apige picha ya uso. "Tafadhali weka uso wa kawaida," simu ikasema.

"Huu ndio wa kawaida," Mlekwa akaiambia.

"Tafadhali punguza hasira."

Nikamwambia afikirie jambo la kufurahisha. Akamfikiria Tausi, akatabasamu. Simu ikasema tabasamu limezidi.

Tulipovuka hapo ikataka athibitishe kwamba yeye ni binadamu, kwa kugusa picha zenye moshi. Zilikuwa picha za mabomba ya viwanda, mawingu, ukungu wa asubuhi, na chungu cha mtori wa ndizi kinachofuka mvuke. Mlekwa amechoma matofali maisha yake yote, anajua moshi wa kuni mbichi na moshi wa kuni kavu, anajua ukungu ukiwa mbali. Aligusa picha sahihi. Mfumo ukasema amekosea, kwamba ukungu ni moshi na mtori ni moshi. Akaiweka simu mezani taratibu, kwa uangalifu mkubwa, na nikaona anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati ambao hauna kitu tangu mwaka jana.

Mimi hasira zilikuwa zimenipanda zamani. Ila yangu ni hasira ya kawaida, naikanda kwenye unga inaisha. Ya kwake ina mahali inapotaka kwenda.

Na jambo la ajabu ni hili. Mfumo uliokataa kumsajili haukukataa kumwandikia. Ujumbe ulianza kuingia asubuhi, mchana na jioni. "Habari Mlekwa. Unatamani sigara sasa hivi? Ile ya asubuhi, pamoja na chai ya moto? Jikaze." Chini yake palikuwa na picha ya sigara imewaka, na simu ilitoa mlio wa njiti ya kiberiti ikipigwa. Kabla ya programu hii Mlekwa alikuwa anaweza kumaliza siku nzima bila kuikumbuka sigara. Sasa alikuwa anakumbushwa na Serikali.

"Mama Semeni," aliniuliza siku moja, "hawa watu wananitakia nini?"

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Muziki ukalia, sauti tamu ikanishukuru kwa uvumilivu wangu ambao sikuwa nao, kisha ikasema, "Kama unavuta sigara, bonyeza moja. Kama huvuti sigara, tafadhali kata simu."

Nikakata, kwa kuwa mimi ni raia mtiifu.

*

Ikabidi twende wenyewe kwenye ofisi za Mamlaka ya Hewa Safi. Ukitaka kuzipata hakuna haja ya kuuliza, fuata moshi. Foleni ilikuwa imezunguka jengo, na watu wote waliokuja kuandikishwa kwamba wameacha walikuwa wanavuta. Wauza sigara wa mji mzima walikuwa wamehamia pale na mabakuli yao. Mbele yetu alikuwa bwana mmoja mwenye kanzu safi sana, aliyetuambia kwa fahari kwamba hajagusa sigara tangu aoe. Afisa akatoka akatangaza, "Mfumo uko chini." Yule bwana akamgeukia jirani yake, akaomba kiberiti.

Mlekwa alijifunika pua kwa leso yangu, akanishika mkono, hakuniachia mpaka tulipoingia ndani.

Ndani tulipokelewa na afisa kijana, Ng'wandu, ambaye kibao chake mezani kilisema Afisa Msaidizi wa Pumzi Daraja la Pili. Alikuwa na adabu, alitusalimia shikamoo, akatupa viti. Aliomba kidole. Mashine ya alama za vidole ilikikataa kidole gumba, ikakataa na vingine vyote, kwa sababu saruji imekula alama za mikono ya mume wangu zamani sana. Ng'wandu akavifuta kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akavipuliza. Mashine ikasema hakuna mtu.

"Mzee, huna kidole kingine?" akauliza, na sikuona kwamba anatania.

Hatimaye kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilisomeka. Ng'wandu akamletea bomba la kupulizia, limeunganishwa kwenye kisanduku chenye taa. "Puliza, mzee wangu."

Mlekwa akapuliza kwa nguvu na kwa furaha. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa wiki nyingi. Kisanduku kikasema kwa sauti ileile tamu, "Hakuna moshi. Usajili umeshindikana."

"Si ndicho kilichonileta," Mlekwa akasema. "Hakuna moshi."

"Mzee wangu, hili ni dirisha la walioacha. Anayeacha ni lazima kwanza awe anavuta. Mfumo haujawahi kukuona ukivuta."

"Nimevuta kabla mama yako hajaolewa."

"Mimi nakuamini, mzee. Tatizo mfumo." Akavuta droo, akatoa pakiti nyeupe yenye nembo ya taifa, akaifungua, akamwekea Mlekwa sigara moja mezani kwa heshima, kwa mikono miwili. "Hii ni sigara ya usajili. Inatolewa bure na Serikali. Unavuta kidogo tu, unapuliza, unaingia kwenye mfumo kama mvutaji. Halafu unakaa kwenye benchi lile, kifua kikitulia unapuliza tena, mfumo unaona moshi umeisha, unakuandika umeacha. Cheti kinatoka hapohapo."

Nikalitazama hilo benchi. Kibao juu yake kilisema Benchi la Kuacha. Watu waliokaa pale wakisubiri kifua kitulie walikuwa wamewasha nyingine.

"Na wale walioacha kabla mfumo haujaja?" nikauliza.

"Ndio hao, mama. Wote hao walikuwa wameacha."

Mlekwa hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anaitazama ile sigara. Mkono wake ulisogea juu ya meza kidogo, ukasimama. Nikamwona anameza mate. Nataka niseme wazi kwamba katika maisha yangu nimeogopa mambo mengi, lakini kitu chembamba kama kile sikuwahi kukiogopa namna ile.

"Kijana," akasema, "nikivuta hii sitaishia hapa. Najijua."

"Ni mara moja tu, mzee."

"Na ya kwanza kabisa niliambiwa hivyohivyo."

Akasimama, akamshukuru, tukatoka. Nje nilimwambia kwamba najivunia yeye, na hapohapo nikamwambia kwamba Semeni anaondoka wiki ijayo. Yote mawili yalikuwa kweli.

*

Kwa siku zilizofuata tulipigwa danadana kama mpira wa makaratasi. Tulitumwa kwa msajili, msajili akatutuma kwa mratibu, mratibu alikuwa semina. Mwishowe tukafika kwa Mkurugenzi, Bi Eufrazia Lutego, mama mpole mwenye ofisi yenye viyoyozi viwili vinavyopuliziana.

"Mzee Mlekwa, tatizo lako ni kwamba uliacha mapema," alisema kwa masikitiko. "Sisi tumeahidi kwa wahisani idadi ya watakaoacha. Mtu akiacha kabla ya mfumo hawezi kuhesabiwa, na mtu asiyehesabiwa tukimpa cheti tutaeleza kimetoka wapi?"

"Kimetoka kwenye mapafu yangu," Mlekwa akasema.

"Mapafu si chanzo rasmi."

Lakini alikuwa na moyo mzuri. Alituambia Waziri atakuja kukagua ofisi siku moja kabla ya safari ya Semeni, na kwamba akifika huwa anapenda kuzungumza na wananchi wanyonge mbele ya kamera. Tukija tumevaa kinyonge huenda tukasikilizwa. Tulivaa nguo zetu za kila siku, zikatosha.

Siku ya ukaguzi gari la Waziri lilifika, likasimama mlangoni na vioo vyake vyeusi, na hakuna aliyeteremka. Tuliambiwa Mheshimiwa anamalizia kupitia nyaraka. Tukasubiri kwa heshima. Mlango ulipofunguliwa nyaraka zilitangulia kutoka, zikiwa za kijivu na za kukereketa koo, kisha akafuata yeye akijipulizia manukato.

Alikagua foleni. Alipoona umati ule unafuka aliwageukia waandishi akasema, "Mnaona mwitikio? Kabla ya mfumo, hapa palikuwa hapana hata mvutaji mmoja. Leo wamejitokeza wote hawa kuacha." Waandishi wakaandika.

Tulipoingia ndani Mkurugenzi akamsogeza Mlekwa mbele, akaeleza kwa kifupi kwamba mzee huyu mashine haimtambui. Waziri akatabasamu kwa kamera. "Wananchi wetu wanapuliza kivivu," alisema. "Wamezoea kufanyiwa kila kitu. Mfungulieni akaunti."

Ng'wandu akakitafuta kile kidole kidogo cha kushoto, kikasomeka, jina la Mlekwa likatokea kwenye skrini. Mlekwa akanyoosha mkono kupokea bomba, lakini Waziri alikuwa amekwisha kulichukua. "Hivi ndivyo raia mzalendo anavyopuliza," akasema, akajaza kifua, akapuliza.

Kisanduku kikapiga king'ora. Taa zote zikawaka nyekundu. "Karibu, Mlekwa," ile sauti tamu ikasema, na nilihisi kwamba hata yenyewe imeshtuka. "Wewe ni mvutaji sugu wa daraja la juu kabisa. Tafadhali muone daktari leo."

Waziri akakohoa, akafuta midomo kwa leso, akamwekea Mlekwa mkono begani. "Mzee huyu alikuwa amejificha," akawaambia waandishi kwa sauti nzito. "Mfumo umemfichua. Lakini Serikali haimtupi mtu. Mzee, pole sana, na acha sigara." Wakampigia makofi, naye akaondoka na msafara kwenda kuzindua kisima. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka lile bomba na niliona nani alipuliza. Wote waliokuwapo waliona. Kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku hatukuona.

Nilidhani Mlekwa atavunja kitu. Lakini Ng'wandu alikuja mbio, anang'aa uso. "Mzee wangu, si mbaya. Angalau sasa upo kwenye mfumo kama mvutaji. Wewe puliza tu pumzi yako safi, cheti kinatoka."

Na sisi tukafurahi, tukasahau yote, tukafurahi kabisa. Mlekwa akapuliza.

"Pumzi hii si ya mwenye akaunti," kisanduku kikasema. "Tafadhali mlete mwenye akaunti."

Tukatazamana. Mwenye akaunti alikuwa kisimani.

"Mwiteni," nikasema.

"Mama, nikimwita nitakuwa nasema kwamba aliyepuliza ni yeye," Ng'wandu akaninong'oneza. "Mheshimiwa havuti. Iko kwenye wasifu wake." Akabonyezabonyeza, jasho linamtoka. Yule kijana hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana sikupata mtu wa kumchukia. "Ninachoweza ni kufuta na kuanza upya kwa pumzi yake mwenyewe. Ila iwe sasa hivi. Saa kumi mfumo unafungwa kwa ajili ya maboresho, na maboresho yakianza hatujui mwisho wake."

Gari la Kituo lilikuwa limepangiwa kupita kwetu kesho yake alasiri, na ndege ya Semeni ilikuwa inaondoka adhuhuri. Hapo ndani ofisini tulikuwa tunayasikia majenereta yananguruma nyuma ya ukuta.

"Lete," Mlekwa akasema.

Nikamshika mkono. "Baba Semeni, tutatafuta njia nyingine."

"Ipi?"

Sikuwa nayo. Nilitafuta kweli, nikiwa nimesimama pale, nikapitisha akilini kila ndugu na kila ofisi, na sikuwa nayo. Nikamuachia mkono.

Ng'wandu alimwashia. Mlekwa akavuta, na nilitegemea atakohoa, atakunja uso, atachukia. Hakukohoa. Alifumba macho, na uso wake wote ukalegea na kupumzika kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu masika ya mwaka jana. Hapo nilijua, na nikageukia ukutani nikalia.

Alipuliza, akasajiliwa. Akaenda kukaa kwenye lile benchi, mikono yake ameikalia chini ya mapaja ili isimtoroke, jirani zake wanamkaribisha sigara kulia na kushoto, na yeye anatikisa kichwa. Muda ulipotimia akapuliza tena. Kisanduku kikampongeza. Cheti kikaingia kwenye simu, cha kijani, chenye nembo, na Ng'wandu akampigia makofi peke yake.

*

Semeni alisafiri. Alimkumbatia baba yake uwanja wa ndege, akamwambia, "Nilijua utaliweza." Tausi alihamia kwetu na begi lake na mdoli wake, na gari la Kituo lilipopita mlangoni nikawaonyesha vyeti viwili, wakasalimu na kwenda zao.

Jioni ya siku hiyo Mlekwa akasema anakwenda kununua chumvi. Chumvi ilikuwapo. Sikumwambia.

Amejaribu, na mimi ni shahidi. Karafuu zimerudi, mihogo imerudi, na jogoo amegombezwa. Safari hii haishiki. Mfumo bado uko kwenye maboresho, kwa hiyo hakuna wa kumpima, na mbele ya Serikali mume wangu ni miongoni mwa watu safi kabisa katika nchi hii. Waziri alimtaja kwenye hotuba. Alisema mvutaji sugu aliacha ndani ya saa moja, na kwamba nchi jirani zinakuja kujifunza.

Mlekwa hajaingia ndani ya nyumba tangu chumvi ile. Amehamia kwenye kibanda cha zana uani, anakolala kati ya mapipa na mbao. Akirudi kazini anaoga nje, anabadilisha shati nje, na bado hajiamini. Tausi akimsikia anakimbia mlangoni, na yeye anainua viganja vyote viwili akiwa mbali. "Ishia hapohapo, mama. Babu ana vumbi."

Jana alikuwa hajakwenda kazini. Ilikuwa siku ya mapumziko, ametoka kuoga, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Tausi akasimama kizingitini akamwangalia kwa muda mrefu.

"Babu, leo huna vumbi," akamwambia.

Mlekwa akamtazama, akanitazama mimi. Viganja vyake vikainuka vilevile.

Tausi akarudi ndani. Nilidhani amekwenda kulia, nikamfuata. Nilimkuta anatafuta shati langu kuukuu kwenye kapu la nguo. Akajifunga nalo puani na mdomoni, fundo kisogoni, akatoka nje mbio, akanipita mimi, akavuka ua, na akamkumbatia babu yake kiunoni huku akiwa amebana pumzi.